Mdogo amepanda jukwaani akivaa nguo ya Yaya: alipanga, au siku ilimwangukia? (Kamalondo, Lubumbashi)

#1 Mlinzi_wa_Nguo (Kamalondo)
Jambo yenu wote. Ninatunza nguo na vitu vya jukwaani katika kikundi kimoja cha teatre hapa Kamalondo. Kuna jambo limetugawa, na Jumamosi tunakaa kuamua. Naomba mawazo, hasa ya waliowahi kusimama mbele ya watu.

Tuna mwigizaji wetu mkubwa. Humu nitamwita Yaya, yaani dada mkubwa. Yeye ndiye watu wanayemlipia kiingilio. Mwaka jana, baada ya onyesho moja, msichana alimngoja nje akilia. Alisema amemfuata Yaya tangu utotoni na kwao hakuna anayemwelewa. Nitamwita Mdogo. Yaya akamchukua. Akawa anambebea mfuko, anamletea maji, anamshikia simu wakati wa repetisio, yaani mazoezi. Hakuna aliyemwomba ajifunze chochote, lakini alikaa pembeni kila mara, midomo inacheza.

Siku ya onyesho letu la mwisho, sali (ukumbi) ya parokia imejaa, tunaanza saa 17. Yaya hayupo. Simu haipokewi. Mwongozaji jasho linamtoka. Mdogo akasema kwa sauti ya chini: "Nafasi yake naijua yote." Akapanda. Watu walisimama kumpigia makofi. Yaya akafika saa 18, mchezo uko katikati, ametulia kabisa, anadhani amewahi. Anasema alisoma ujumbe kwamba tumesogeza mpaka saa 18.

Sasa kinachoninyima usingizi. Nilipomvalisha Mdogo blauzi ya Yaya, ilimkaa sawasawa. Yaya ana mwili, Mdogo ni mwembamba. Nikageuza mshono: blauzi imepunguzwa kiunoni, kwa uzi mpya. Si mimi niliyeipunguza.

Alipanga? Na kama alipanga, tumfukuze?

#2 Birere_Juu (Goma)
Dada, jibu umeliandika mwenyewe. Nguo haijipunguzi. Anayepunguza nguo ya mwenzake kabla ya siku anajua kwamba siku hiyo mwenzake hatakuwepo. Mfukuzeni mapema, kabla hajamfanyia mwingine.

#3 Mtoto_wa_Kenya (Lubumbashi)
@Birere_Juu ungekuwa hakimu, gereza lingejaa kabla ya saa sita mchana.

Mimi naangalia upande mwingine. Hapa mjini nani amewahi kuona tangazo ukutani kwamba kikundi fulani kinatafuta waigizaji, njooni tuwasikilize? Mimi sijaona. Vikundi vyetu ni vya jamaa, vya mtaa mmoja, vya parokia moja. Mtu anaingia kwa sababu kaka yake anapiga ngoma humo. Msichana asiye na kaka humo ndani aingie vipi? Huyu alibeba mfuko mwaka mzima bila kulipwa. Mnamwita mjanja, lakini niambieni njia nyingine aliyokuwa nayo.

#4 Pazia_Jekundu (Lubumbashi)
Hadithi hii imeshachezwa. Kuna filamu ya Marekani ya mwaka 1950, All About Eve, ya Joseph L. Mankiewicz. Bette Davis ni Margo, mwigizaji mkubwa wa New York ambaye umri umeanza kumtia hofu. Anne Baxter ni Eve, msichana anayengoja kila usiku kwenye mlango wa teatre, akiwa na maisha ya kusikitisha ya kusimulia. Anaingizwa ndani, anakuwa msaidizi wa Margo, halafu anakuwa mbadala wake jukwaani. Kuna mahali anajiwekea gauni la Margo kifuani mbele ya kioo na kuinama, kana kwamba watu wanampigia makofi. Mwishowe anatoa petroli kwenye gari, Margo anakwama njiani, yeye anapanda.

Machozi, mfuko, nguo, kuchelewa. Vyote vimo.

#5 Kadutu_Kilimani (Bukavu)
@Pazia_Jekundu hapo kwenye petroli hapana, na hapo ndipo penye jambo. Aliyetoa petroli si Eve. Ni Karen, rafiki wa Margo, mke wa mwandishi wa michezo. Alichoshwa na kiburi cha rafiki yake, akataka kumtia adabu mara moja tu, akahakikisha gari linazimika ili wakose treni. Eve alifaidika, na wakosoaji wa magazeti walikuwa tayari wamekaa kwenye viti kumtazama. Lakini mkono uliomchelewesha Margo ulikuwa wa rafiki.

Mlinzi_wa_Nguo, kabla ya Mdogo, watazameni walio karibu na Yaya. Nani alikuwa amechoka naye?

#6 Pazia_Jekundu (Lubumbashi)
Ndiyo, ni Karen. Na kuna chanzo cha kweli nyuma yake. Filamu ilitoka kwenye hadithi fupi ya Mary Orr, iliyochapishwa mwaka 1946 katika jarida la Cosmopolitan, na Mary Orr aliipata kwa mwigizaji Elisabeth Bergner, ambaye msichana wa namna hiyo alimngoja mlangoni kweli, akamwonea huruma, akamwingiza nyumbani. Kwa hiyo wasichana hawa wapo.

Jambo jingine: Davis na Baxter wote wawili walipendekezwa kwa tuzo moja ya Oscar, ya mwigizaji bora wa kike, na hakuna aliyeipata. Alipewa Judy Holliday. Wengi walisema waligawana kura wenyewe kwa wenyewe. Kikundi chenu kiangalie hilo pia.

#7 Mzee_wa_Katuba (Lubumbashi)
Batoto, munakimbia mbali na mambo iko hapa. Siye tulikuwaka tunaangalia Mufwankolo na grupe yake ku televizyo, na mbele ya ile tulikuwaka tunabasikia ku redio. Ile teatre ya Kiswahili yetu ya Lubumbashi haikukuwaka na karatasi. Banakaa kwanza, banazungumuza: tunataka kusema nini? Kisha banagawana: weye utakuwa chifu, weye bibi yake, weye polisi. Maneno inakuya mu repetisio, na kesho yake inabadilika. Mwaka 1986 mwalimu moja muzungu, Fabian, alibafuata wakati balitengeneza muchezo muzima kutoka ku usemi moja tu juu ya utawala.

Sasa, mama, kama grupe yenu inacheza vile, Mdogo alikariri nini pale pembeni? Karatasi haiko. Alimukariri muntu: vile anavuta pumuzi, vile anageuka, fasi gani anangojea batu bamalize kucheka. Ile haifanyike mu juma moja. Anayefanya ile kazi bila franga, mi siwezi kumuita mwizi haraka vile.

#8 Mlinzi_wa_Nguo (Kamalondo)
Asanteni. Baba @Mzee_wa_Katuba, ni hivyo hasa, hatuna karatasi. Tuna mpangilio wa sehemu, mengine yanatoka kwa mchezaji. Na Mdogo alicheka kicheko cha Yaya. Mpiga kinanda wetu alishtuka akageuka kutazama ni nani.

@Kadutu_Kilimani umeuliza nani alikuwa amechoka naye. Wiki iliyotangulia Yaya na mwongozaji waligombana kwa ajili ya franga. Yaya alitaka sehemu yake ya kiingilio iongezwe, akasema mbele ya wote kwamba bila yeye sali itakuwa na viti tu. Na katika grupu yetu ya WhatsApp kuna alama ya ujumbe uliofutwa asubuhi ya onyesho, wa mwongozaji. Yeye anasema ilikuwa picha. Yaya anasema hapo ndipo aliposoma saa 18. Sisi wengine hatukuwahi kuufungua.

Kuhusu simu: Mdogo alikuwa anashika ile ya zamani. Wiki hiyo Yaya alikuwa na simu mpya, mume wake aliileta kutoka Kinshasa.

#9 Fundi_Simu_Kampemba (Lubumbashi)
Simameni hapo. Simu imetoka Kinshasa?

Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Saa 17 yetu ni saa 16 yao. Simu ikiwa imewekwa mji wa Kinshasa, na sehemu ya kujirekebisha saa yenyewe imezimwa, unaishi Lubumbashi na saa ya Kinshasa mkononi. Wateja wa namna hiyo nawapokea, hasa walioletewa simu na ndugu. Wanaleta wakidhani imeharibika, mimi nafungua orodha ya miji, natoa Kinshasa naweka Lubumbashi, wanaenda. Yaya alifika saa 18 bila wasiwasi kwa sababu simu yake ilimwambia ni saa 17. Hakuna aliyempangia kitu.

#10 Birere_Juu (Goma)
@Fundi_Simu_Kampemba hesabu yako ni safi lakini haikubaliani na maneno ya Yaya. Kama kweli alisoma "saa 18" na simu yake ilikuwa nyuma, angefika saa 19 yenu. Alifika saa 18. Basi ni ujumbe au ni simu, viwili pamoja haviwezekani. Na bado sijasikia ni simu gani iliyoshona blauzi.

#11 Mama_Ruashi (Lubumbashi)
Mnamzunguka mtu mmoja bila kumtaja. Mume.

Niliigiza kabla ya kuolewa, na baada ya ndoa kwa muda. Mume wangu hakunikataza hata siku moja. Ila kila siku ya onyesho alikuwa na wageni. Au mtoto ana homa ambayo asubuhi hakuwa nayo. Au ufunguo haujulikani uliko. Mama mkwe alikuwa akisema kwa majirani, nami nasikia: bibi ya mtoto wangu analia uongo mbele ya wanaume na wanamlipa. Hakuna aliyegombana nami. Nilichoka, nikaacha, na watu wakasema nimeacha kwa hiari yangu.

Sasa mume wa Yaya analeta zawadi ya simu, wiki ileile ya onyesho, na simu hiyo inamchelewesha saa moja kamili. Mimi nimeyaishi hayo. Msinikimbize kwa msichana.

#12 Likasi_Panda
Na kwa nini hakuna anayesema bulozi? Mtu anachukua kicheko cha mwenzake, sauti ya mwenzake, nafasi ya mwenzake. Hapa kwetu jambo hilo lina jina.

#13 Mama_Ruashi (Lubumbashi)
@Likasi_Panda tafadhali, acha kabisa. Tunawajua watoto wanaolala sokoni na kwenye vituo kwa sababu nyumbani mtu mmoja alisema neno hilo. Ndiyo maana sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inamwadhibu anayemtuhumu mtoto uchawi. Mdogo huenda ni mtu mzima, lakini neno likishatoka halichagui umri. Kuiga kicheko ni mazoezi. Baba wa Katuba ameeleza vizuri.

#14 Himbi_Ziwani (Goma)
Nawasalimu. Nitoe la kwetu. Mwaka 2021 Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei, na siku chache baadaye tukaamriwa kuhama sehemu kubwa ya mji. Watu walielekea Sake, wengine Rutshuru, wengine wakavuka ziwa kwenda Bukavu. Mwigizaji wetu mkubwa alikuwa kati ya waliokwenda Bukavu, na alichelewa kurudi kwa sababu ya mama yake. Sisi tulipoanza tena kukutana, tulitaka kucheza haraka, watu walikuwa na hofu na walihitaji kukaa pamoja. Tukampa nafasi yake dada mwingine. Huyo dada aliikataa kwanza, tukambembeleza.

Aliporudi mwenyewe, akakuta nafasi ina mtu. Hakutusalimu. Mpaka leo hao wawili wakikutana njiani mmoja anavuka barabara. Na hapo hakuna aliyempanga mwenzake, ni mlima uliolipuka. Kwa hiyo nawaambia, hata mkigundua kwamba ni saa ya Kinshasa, msidhani Yaya atapona.

#15 Mtoto_wa_Kenya (Lubumbashi)
@Himbi_Ziwani asante, hiyo ni nzito.

Kwa wenzetu wa Broadway mbadala ni kazi yenye mkataba na mshahara. Shirley MacLaine alianza hivyo. Mwaka 1954 alikuwa mbadala wa Carol Haney katika mchezo wa muziki. Haney akaumia kifundo cha mguu, MacLaine akapanda, na mtayarishaji wa filamu Hal Wallis alipomwona akampa mkataba. Hakuna aliyemwita nyoka, kwa sababu kila mtu alijua tangu mwanzo kwamba yupo na anangoja nini. Sisi tumemfanya Mdogo ajifunze kwa kujificha, halafu tunamlaumu kwamba alijificha. Mbadala awe kazi, itangazwe, ilipwe.

#16 Kadutu_Kilimani (Bukavu)
@Mtoto_wa_Kenya tulijaribu Bukavu. Wanawake wawili kwa nafasi moja, leo huyu, kesho yule, wote wanajua, wote wanalipwa sawa. Repetisio zilikwenda vizuri. Tatizo lilianzia mlangoni: watu wakawa wanauliza kabla ya kulipa, "Leo anacheza nani?" Wakisikia jina moja wanaingia, wakisikia jingine wanasema watarudi kesho. Na yule wa pili alikuwa nyuma ya pazia anasikia. Mkataba hauwezi kumziba mtu masikio.

Lakini hata hivyo nakubali kwamba ni afadhali kuliko mnavyofanya sasa.

#17 Ngoma_ya_Pili (Kamalondo)
Nimesoma yote nikaona siwezi kunyamaza. Mimi ni wa kikundi hicho, napiga ngoma. Sehemu yangu inaanza mwishoni, kwa hiyo nilikuwa nje karibu na geti Yaya aliposhuka kwenye taksi. Alisikia makofi ndani. Akaniuliza, "Mbona mmeanza?" akanigeuzia simu nione. Niliona 17 na dakika chache. Yangu ilikuwa 18 na dakika hizohizo.

Baadaye akaniomba nisiseme.

#18 Mlinzi_wa_Nguo (Kamalondo)
Ngoma! Tumekaa vikao vyote hivyo na wewe umekaa na hilo?

Mimi Yaya aliniambia kwa mdomo wake kwamba ni ujumbe. Alisema mara kadhaa, na kila mara mbele ya mwongozaji.

#19 Mama_Ruashi (Lubumbashi)
Anaomba usiseme kwa sababu akisema ni simu, kila mtu atauliza simu ilitoka kwa nani. Mwanamke anamlinda mume wake. Afadhali amtupie mwongozaji, wameshagombana hata hivyo.

#20 Fundi_Simu_Kampemba (Lubumbashi)
Mama, nakuheshimu, lakini mume aliyetoka Kinshasa na simu yenye saa ya Kinshasa ni mume tu aliyetoka Kinshasa. Wengi hawajui kama kuna kitu cha kubadilisha. Na Yaya ni mtu mkubwa. Kwake ni rahisi zaidi kusema "nimefanyiwa" kuliko kusema "sikujua kuweka saa".

#21 Likasi_Panda
Swali la pembeni. Mji mkubwa kama Lubumbashi, kwa nini mnachezea sali ya parokia? Teatre hamna?

#22 Pazia_Jekundu (Lubumbashi)
Ipo, na ni nzuri. Jengo la 30 Juin lilijengwa miaka ya 1950 kama teatre ya mji, wakati mji ukiitwa bado Élisabethville. Baadaye bunge la jimbo ndilo lililokaa humo. Halle de l'Étoile inapokea michezo, wachezaji wa ngoma, filamu, lakini kikundi cha mtaa kinachocheza kwa Kiswahili hakipati tarehe kila kinapotaka. Parokia inafungua, inaomba kitu kidogo tu cha kufagia na umeme, na watu wa Kamalondo wanafika kwa miguu. Nje kuna mtu wa micopo, nyama ya kuchoma. Mimi napenda hivyo.

#23 Mzee_wa_Katuba (Lubumbashi)
Micopo ya pale parokia ni kavu. Mukuje Katuba.

Na mi nina swali, juu nimesoma yote na hakuna aliyeuliza: franga ya fundi, nani alilipa? Mutoto mwenye kubeba mufuko anatosha wapi franga ya kupunguza blauzi?

#24 Mlinzi_wa_Nguo (Kamalondo)
Baba, swali lako limenitoa nyumbani. Nimekwenda kwa mafundi wote wa upande wetu nikiwa na blauzi mkononi. Mmoja ameutambua mkono wake. Anasema blauzi ililetwa na msichana mwembamba, mwenye adabu, akasema ametumwa na Yaya kwa sababu Yaya anapungua. Fundi akauliza vipimo. Msichana akasema, "Nipime mimi, tunalingana sasa." Malipo yalikuja kwa simu, na fundi hakuhifadhi namba.

Na ni kweli Yaya ana presha, daktari alimwambia apunguze mwili, na mezani anakataa chumvi. Lakini hajapungua kiasi hicho, ninamvalisha mimi.

Nikaenda kwake. Nikamwuliza kama alimtuma Mdogo kwa fundi. Nilitegemea aseme hapana kwa sauti ile yake. Aliendelea kuchambua lengalenga, akasema, "Achana na blauzi." Nikauliza tena. Akasema hivyohivyo.

#25 Birere_Juu (Goma)
"Nipime mimi." Mnahitaji nini tena? Huyo msichana alisimama mbele ya fundi akapimwa nguo ya mwenye nafasi. Nimemaliza.

#26 Pazia_Jekundu (Lubumbashi)
@Birere_Juu hujamaliza. Kama Yaya hakumtuma, kwa nini hakusema hapana? Mtu aliyeibiwa nafasi yake anapewa ushahidi mkononi, ampigie mwizi kelele, naye anachambua mboga.

Mimi naona hivi. Yaya ana presha. Anajua kusimama chini ya taa jioni nzima si kwa muda mrefu tena. Alimwona Mdogo anajifunza, akamwacha ajifunze. Labda alimlipia fundi yeye. Lakini alitaka kuchagua siku mwenyewe, amkabidhi mbele ya watu, na yeye apokee heshima hiyo. Kisha saa ya Kinshasa ikachagua kwa ajili yake. Anne Baxter, yule wa filamu, mwaka 1971 alisimama Broadway katika mchezo wa muziki uliotokana na hadithi hiyohiyo, akichukua nafasi ya Lauren Bacall, na safari hii alicheza nafasi ya Margo, yule mkubwa. Zamu hubadilika. Kinachouma ni kubadilishiwa.

#27 Mama_Ruashi (Lubumbashi)
Ni maelezo mazuri na ninayakataa. Mnapenda sana mwanamke mkubwa akubali kuondoka kwa hiari. Hata mimi walisema hivyohivyo. Mwanamke huyo ananyamaza kwa sababu nyumbani kwake kuna kitu, na lengalenga anayochambua ni ya watu wa nyumba hiyo.

#28 Kadutu_Kilimani (Bukavu)
Na mwongozaji amepona hivyo? Aligombana na Yaya kwa franga, akafuta ujumbe asubuhi ileile, na mwisho wa siku amepata mwigizaji anayejua nafasi yote na asiyedai nyongeza. Franga ya fundi inaweza kutoka kwake pia. Mimi bado namshuku yeye.

#29 Ngoma_ya_Pili (Kamalondo)
Mwongozaji alifuta picha. Niliiona kabla haijafutwa: ilikuwa ya mtoto wake amevaa sare ya shule, ilikusudiwa kwa bibi yake. Lakini alifuta vitu viwili asubuhi ile. Cha pili sikukiona.

#30 Mlinzi_wa_Nguo (Kamalondo)
Tumekaa Jumamosi, nawapa taarifa kama nilivyoahidi baadhi yenu pembeni.

Mdogo alikuja, akakaa karibu na mlango. Aliulizwa nani alimtuma kwa fundi. Alimtazama Yaya, akasema, "Sitasema." Mwongozaji akampandishia sauti. Yaya akasema, "Mwache mtoto." Basi. Mume wa Yaya alikuwa nje kwenye gari anamsubiri, hakuingia. Simu yake mpya Yaya hakuja nayo.

Tulipiga kura, ikagawanyika karibu sawa, na wanaotaka abaki wakashinda kwa kidogo. Hapa mjini nafasi ni ya Yaya. Tutakapokwenda kucheza mjini Likasi, atacheza Mdogo, kwa sababu Yaya mwenyewe alisema safari ile hataifanya. Na kuanzia sasa kila nafasi kubwa itakuwa na mbadala anayejulikana na kulipwa kutoka kwenye kiingilio, kama alivyosema Mtoto_wa_Kenya. Nimesoma maneno yako mbele ya wote.

Mimi nilipiga kura abaki. Lakini kabati la nguo nimelifunga, na ufunguo unalala kwangu.

#31 Birere_Juu (Goma)
Mtu safi akiulizwa anajibu. Mmemweka ndani mtu ambaye amekataa kujibu. Tutaonana humu baada ya Likasi.

#32 Mtoto_wa_Kenya (Lubumbashi)
@Mlinzi_wa_Nguo asante kwa kusoma. @Birere_Juu, anayemficha mwenzake naye akiulizwa hanyamazi?

#33 Mzee_wa_Katuba (Lubumbashi)
Bakimupeleka Likasi, bamwambie jambo moja: kicheko ya Yaya abakishe hapa. Kule alete yake.

#34 Likasi_Panda
Likasi mnachezea wapi, na kiingilio ni franga ngapi? Nakuja na bibi yangu na shemeji wawili. Nitakaa mbele kabisa.

#35 Ngoma_ya_Pili (Kamalondo)
@Likasi_Panda sali bado tunaitafuta. Kama unajua mahali penye viti na umeme wa kutegemewa, niandikie. Tunahitaji pia mahali pa kulala, wanawake watano, wanaume saba, na ngoma.